Ngendo Amekufa Karatina

Jumatatu, 4 Julai 1977

Baridi ya kukata masikio. Ngendo amekataa kuwaka tena. Nimezungusha hendeli ya injini mpaka bega likalia, mwishowe tukasukumwa na wamama waliokuwa wanapeleka maziwa. Aibu gani hii! Lori mzima anasukumwa na watu wenye mikebe.

Mutahi, ndugu yangu, alikuwa amesimama hapo na koti yake ya ofisi. Hakusukuma. Ati hii gari inakula spea kuliko mimi ninavyokula ugali. Ati kahawa imepanda bei, huko Othaya kila mtu ananunua lori mpya, sisi ndio tumebaki na chuma ya mkoloni. Anataka Mama aweke kidole kwa karatasi ya benki, shamba lishikwe mpaka lori imalize kulipwa.

Nikamwambia lori mpya ikilala, shamba linalala nayo. Akasema hata hii ya zamani inakula shamba, ni vile tu inakula polepole.

Nikapanda nikaenda.

Ijumaa, 8 Julai

Nanyuki, kwa Kulmiye mwenye duka la nafaka. Nimemletea ngano kutoka Timau. Mzee huyu ni mtu mzuri, hajawahi kunipunja hata siku moja. Leo ameniuliza kwa nini gari yangu imeandikwa NGENDO juu ya kioo. Mkikuyu mmoja alimwambia maana yake ni safari nyingi. Nikasema ndiyo, ni safari. Akafurahi. "Jina nzuri kwa lori, wallahi!" Nikamwacha na hiyo.

Ukweli ni kwamba Ngendo ni mama yangu. Baba aliandika mwenyewe na brashi mwaka wa sitini na moja, herufi ya mwisho ikapinda, hakuirekebisha. Mimi na Kabura, mke wangu, Mungu ametupa wavulana tu. Mutahi hajaoa. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mama ya baba, kwa hivyo hakuna aliyepewa jina la Mama. Kuna huyu wa matairi tu.

Spea za klachi zimekosekana Nanyuki. Ati hazitengenezwi tena.

Jumatano, 13 Julai

Asubuhi nimempeleka Mama Karatina kwa dada yake. Amekaa mbele, shuka kichwani, anasalimia watu barabarani kama ni D.C., mkuu wa wilaya, anapita. Nikamwacha huko, nikamwambia nitampitia nikirudi, nikateremka Sagana na viazi, nikashusha vizuri.

Kurudi, tukiingia Karatina — mlio mmoja tu chini, kama sufuria imeanguka. Basi. Krankshafti, ule mhimili wa injini, imekatika. Oili yote barabarani.

Nimeomba simu kwa watu wa petroli. Nyumbani hatuna simu, kuna ile ya duka pale Mweiga. Imeshikwa na msichana mgeni, laini inakwaruza. Nikapiga kelele: Mwambie Kabura, Ngendo amekufa hapa Karatina! Nitalala hapa na yeye, kesho nitafute gari ya kumleta!

Akasema uuui, pole sana, pole sana baba. Akaanza kulia.

Nikafikiri, huyu msichana ako na roho nzuri.

Ijumaa, 15 Julai

Sijui kama nicheke.

Jana nilishinda na kamba na trakta, mpaka Ngendo akafika kwa fundi Peterson, Nyeri. Kumbe nyumbani ni matanga! Viti vya kanisa vimeletwa, sufuria kubwa imeazimwa, wanawake wamejifunga vitambaa. Kabura amelia sauti imeisha. Hakuna mtu alinitafuta, walijua niko Karatina nimekaa na maiti.

Na Mama — mimi na shida za gari sikumpelekea habari; aliningoja huko kwa dada yake mpaka jana, hakuniona, akachukua basi. Basi inaishia Mweiga. Kutoka hapo akatembea, mvua ile nyembamba ya Julai ikimpiga, usiku ukiingia. Amefika kwenye ua akaona moto. Akasikia Mutahi anaongea na mzee wa kanisa. Ati Mama hakuwa ameweka kidole, sasa hiyo title ya shamba itasumbua miaka.

Kabura anasema Mutahi alikuwa analia akisema hivyo. Machozi kabisa. Lakini Mama alikuwa upande ule wa ua, machozi hakuyaona.

Akaingia. Akaketi kwa kiti cha wafiwa, akaomba chai. Mwanamke mmoja alitoroka akaacha kiatu! Halafu watu wakacheka, wakaimba, wakamshukuru Mungu. Hata Mama amecheka.

Wageni walipokwisha kwenda amemwambia Kabura neno moja: "Hata baba yangu ananingoja nife."

Mama humwita Mutahi "baba", kwa vile alipewa jina la baba yake Mama. Hajamwita mtu mwingine hivyo.

Jumapili, 24 Julai

Kifua cha Mama. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Mutahi ameleta teksi kutoka Nyeri, tukampeleka, daktari akataka alale huko. Mama akakataa. Ati ameshalala matanga yake, kitanda cha hospitali hakitaki. Tukarudishwa na dawa.

Mutahi hakuniangalia njiani. Tukifika akasema, lori mpya ingemleta mpaka mlangoni.

Ni kweli. Nimekaa na hiyo maneno siku nzima. Kila kitu nilikuwa nahesabu kwa ile lori — mafuta, springi, siku ambazo analala kwa fundi. Mama kutembea kwa mvua sikuwa nimehesabu.

Jumatano, 27 Julai

Nimeuza ng'ombe ya Kabura. Yeye ameosha mkebe wa maziwa, akaupindua juu ya jiwe, akaingia ndani.

Krankshafti imepatikana kwa lori moja iliyooza Sagana. Peterson mwenyewe ananiambia: Wamae, mtu wangu, injini hii nikiifunga leo, utaniletea giaboksi mwezi ujao. Uza vyuma. Nikamwambia afunge.

Mutahi amekuja jioni. Nilidhani atapiga kelele. Ameuliza tu, pole pole: "Unatengeneza gari, ama unatengeneza Mama?"

Uuuh! Nimemwambia aende zake. Ameenda. Halafu nimelia kwa boma ya ng'ombe, ambayo haina ng'ombe.

Kwa sababu ni kweli. Tangu ile simu, nikiona Ngendo amelala kwa fundi, tumbo wazi, vyuma chini kwa gunia, mimi siwezi kula. Mimi mtu wa kanisa! Najua chuma ni chuma. Lakini mimi ndiye nilisema kwa mdomo wangu, amekufa, tena kwa kelele. Nataka kumsikia akinguruma, ndio nirudishe hiyo maneno.

Nilimwuliza Mama kama tufute jina, tuuze. Akakohoa sana. Akasema, "Huyo ndiye mjukuu mlinipa. Mfute?"

Jumamosi, 6 Agosti

Amewaka! Mara moja, bila hendeli, bila kusukumwa. Nimemleta mpaka mlangoni, nikaacha injini inanguruma karibu na dirisha la Mama. Sauti ya zamani kabisa, ile ya wakati wa Baba. Mama amefungua macho. Amesema, "Ako na nguvu kunishinda." Akatabasamu. Amekuwa mdogo, mkono wake ni kama wa mtoto.

Kulmiye ameleta habari, ngano ya Timau iko tayari, kazi ya siku kadhaa. Nikasema siendi. Mama ndiye amenifukuza. Ati Kabura atapata wapi ng'ombe, nikikaa hapa kumhesabia pumzi?

Nikishika mlango ameniita. "Ukirudi, mje na baba. Nyote wawili. Nitasema maneno ya hiyo karatasi."

Hakusema atasema nini. Lakini amemwita baba! Nimepitia Nyeri makusudi nikamwambia Mutahi. Amegeuka akaangalia ukuta. Nimemwambia akae na Mama nikiwa Timau. Anaenda leo.

Alhamisi, 11 Agosti

Nanyuki. Nimeshusha mzigo wa mwisho kwa Kulmiye. Ngendo amefanya kazi siku zote bila kukohoa hata mara moja. Mlima wa Timau amepanda na gunia zote, akiwa na giaboksi ile ile Peterson anaitukana. Nilikuwa nimeamua — nikirudi nitakubali. Mama aseme ndiyo, aseme hapana, sitabishana na Mutahi tena. Kama ni lori mpya, iwe. Jina tutaliandika kwa hiyo mpya, na herufi ya mwisho tutaipinda vile vile.

Naandika nikiwa kwa kiti cha dereva. Sijazima injini, naogopa kuizima mbali na nyumbani.

Kulmiye ametoka dukani sasa hivi anacheka, mkono kwa tumbo. Ameegemea mlango wangu. "Ndugu yangu, huko kwenu watu wamelewa asubuhi? Wamepiga simu, mtu analia, ati nikwambie Ngendo amekufa. Nikamwambia wacha wewe, mimi namsikia hapa nje ananguruma!" Ati aliyepiga akasema ni Mutahi, akakata.

Bado anacheka na wale wapakiaji. Amewaonyesha jina juu ya kioo, anawaeleza ni safari nyingi. Wananiangalia wakingoja na mimi nicheke.

Sijamwambia Kulmiye mama yangu anaitwa nani.