Mawingu Uliyoyaona kwa Jina Langu

Dada Devota,

Naanza kwa kukuita jina lako, maana huko hospitalini unakofanya kazi hakuna anayekuita hivyo. Huko wewe ni Nesi Skolastika. Nasikia wapo kina mama uliowazalisha ambao wamewapa binti zao jina hilo kwa kukushukuru. Ni jina zuri, nakubali. Nilipewa na bibi yangu mzaa mama, nikabatizwa nalo hapa Kipalapala, na wewe siku hiyo ulikuwepo, mtoto wa miaka miwili, ukililia biskuti.

Shikamoo sikupi. Maisha yangu yote nimekuamkia, hata kwenye simu, hata siku ulizopiga ukiwa na haraka ukanikatisha katikati. Leo hapana. Na barua hii haina bahasha. Jumapili ukoo unakaa nyumbani kwa mama, nami nitaisoma mbele ya wote, kuanzia hapo juu mpaka chini kabisa. Nakutumia wewe mapema ili usije ukasema umeviziwa.

Unaikumbuka kalenda? Mama alikuwa anapika jikoni seminarini, na padri mmoja mgeni alimpa kalenda ya mwaka uliokwisha pita, akidhani anampa picha za ukutani. Ukurasa wa Agosti ulikuwa na milima mirefu ya kijani, na mawingu yametanda chini yake kama pamba iliyomwagwa uani. Chini! Sisi tuliozoea kuyatazama mawingu huku shingo zimepinda tulidhani picha imegeuzwa. Ukamuuliza baba, akasoma yale maandishi madogo: Vietinamu. Ukaniambia, "Skola, tutakwenda. Tutapanda juu, tuyakanyage." Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuamini kuliko nilivyomwamini katekista.

Ulikuwa umetoka kwenu Ziba mwezi ule. Ulikuwa umefeli darasa la saba, na baba mkubwa alikuleta kwetu utafutiwe njia ya kurudia. Ulifika na ndoo ya plastiki na nguo zako ndani yake, na tangu siku ya kwanza tukalala mkeka mmoja. Sikuwa na dada. Nilifurahi mpaka nikakupa blanketi langu, lile zito. Naliandika hapa ili nalo lisomwe Jumapili.

Januari mvua zilikuwa nyingi. Ukanishonea begi la mgongoni kwa kiroba cha mchele, mikanda yake ukaikata kwenye khanga ya mama bila ruhusa. Na lako ukashona. Tukaweka viazi vitamu na chupa ya maji, alfajiri tukapanda lile jabali nyuma ya kijiji kwenda kufanya mazoezi ya Vietinamu. Na tuliyaona, Devota. Ukungu ulikuwa umelalia majaruba ya mpunga, mweupe, mzima, na vichwa vya miti vimechomoza hapa na pale. Ulinishika mkono ukasema, "Tumefika." Hata leo nikiwa na hasira hizi, nikiikumbuka asubuhi ile moyo wangu unalegea, na ndicho kinachoniudhi zaidi.

Wakati wa kushuka ukasema tupite upande wa pili, ni karibu. Jiwe lilikuwa na utelezi. Wewe ulipita, mimi sikupita. Mguu ukavunjika mahali pawili. Nikafungwa hogo, ile plasta nzito kutoka nyonga mpaka unyayo, na mfupa ulipounga vibaya wakauvunja tena wakafunga lingine. Kuanguka sikulaumu. Tulikuwa watoto, na jiwe halina mwenyewe.

Ninalokulaumu lilianza wiki mbili baadaye. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia darasa la saba, jina langu limeshaandikwa kwenye rejesta. Baba akaenda kuongea na mwalimu mkuu. Aliporudi akasema, "Devota atamshikia Skola nafasi." Kila mtu hapa kwetu anajua maana yake. Wanaorudia darasa la saba hurudia kwa jina la mtu, la aliyehama au aliyeolewa, na hakuna anayeona ajabu. Lakini hayo ni majina ya watu walioondoka. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili, nawasikia.

Ukaenda shule kwa sare yangu. Kila alasiri ulirudi ukakaa ukingoni mwa kitanda changu, ukanifundisha yote mliyofundishwa siku hiyo: sehemu, desimali, mito ya Afrika. Ulikuwa na subira. Ulikuwa ukiniuliza mpaka nipate, halafu unanigongea meza kwa vidole kunipongeza. Miaka yote nimewaambia watu kwamba hakuna mtu aliyenipenda kama wewe ulivyonipenda miezi ile. Leo nadhani ulikuwa unadurusu tu. Mtihani ulikuwa mbele yako, na njia rahisi ya kukariri ni kumfundisha mwingine, hasa asiyeweza kukimbia.

Agosti nilitembea. Nikamwambia baba nataka kurudi shule. Hakuniangalia. "Mwanangu, mtihani umekaribia, wewe hujakaa darasani. Mwache dada yako afanye. Mwaka ujao tutakutafutia jina." Ukafanya, ukafaulu. Skolastika akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na kijiji kizima kikaja kunipongeza mimi na kukuaga wewe. Mwaka uliofuata halikupatikana jina. Uliofuata huo, baba akafariki. Mama akaninunulia cherehani ya mtumba.

Nimeshona miaka ishirini na tano. Nashona sare za shule, unaona mambo hayo? Kibanda changu kiko Ipuli, na juu ya cherehani nimebandika ule ukurasa wa Agosti, ule ulioniachia siku unaondoka ukisema, "Nitunzie, tutakwenda wote." Na hukuacha kusema. Kila Krismasi, kwenye simu: "Mwakani, mdogo wangu. Likizo yangu ikikaa sawa." Nami nikawa napanga. Nilijua basi la kutoka Hanoi kwenda kaskazini. Nilijua kwamba mawingu hukaa vizuri miezi ya baridi yao, na kwamba unaamka kabla ya jua ukapande kwa miguu. Nikatazama kwenye simu jinsi mabegi ya wapanda milima yanavyoshonwa, nikanunua turubai zito na zipu za chuma na sponji ya mikanda, nikakata vitambaa vya mabegi mawili. Mawili, Devota! Lako nililitia mfuko wa pembeni wa dawa, kwa kuwa wewe ni nesi.

Mama alipoliona la kwanza limekamilika alicheka mpaka akashika mbavu. "Babu zako walibeba mizigo mpaka Bagamoyo wakarudi miguu imevimba. Wewe unakwenda kubeba kwa hiari yako, tena kwenda kuangalia mawingu?" Nikamwambia ndiyo, tena na Devota. Akalirudisha begi mezani. Mama alijua kitu. Mama siku zote hujua kitu.

Mwezi jana nikaenda ofisi ya pasi. Kitambulisho changu cha taifa hakijawahi kutoka, unajua, nimekuwa nikiambiwa taarifa zina kasoro, nikaendelea na maisha kwa kadi ya kura na barua za mtendaji. Safari hii nikasema naanza upya, nimebeba cheti changu cha kuzaliwa halisi, kile mama alichokihifadhi ndani ya Biblia. Wewe ulichukua nakala, na nakala imekufikisha mbali. Pale dirishani alikuwa binti mdogo, mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Mbona pasi unayo?"

"Marahaba. Ningekuwa nayo ningekuja kupanga foleni?"

"Jina ni lako, tarehe ni yako, wazazi ni hawa hawa." Akaniangalia, akaangalia kompyuta, akaniangalia tena. Sauti ikashuka. "Ila picha si yako, mama. Na pasi hii imeshasafiri."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Watu walinipita. Nikakupigia, na sikukuamkia. Nikakuuliza swali moja tu: ulikwenda wapi? Nikasikia watoto wachanga wakilia nyuma yako. Nilitegemea uniambie India, semina, mafunzo ya kazi. Ningekusamehe, nadhani. Ningekusamehe hata hilo.

Ukasema, "Yalikuwa chini kabisa, Skola. Kama yale ya siku ile."

Devota, kuna siku nitayasahau mengine yote. Nitasahau sare na mtihani. Hilo sitalisahau. Ulisimama kule, umeshika pasi yenye jina langu, ukayatazama mawingu yangu, ukarudi, na Krismasi iliyofuata ukanipigia ukaniambia mwakani. Ulipokuwa kule uliandika wapi jina? Kwenye daftari la nyumba ya wageni uliandika nani? Waliponadi majina ya abiria, uliitika?

Halafu ukanipa dawa, nesi wewe. "Mdogo wangu, usilikuze. Chukua jina langu. Devota halina kazi, halina kesi, halina mtu. Nitakutumia cheti changu, upate pasi, uende." Ulisema kama mtu anayegawa nguo zilizombana. Na aibu yangu ni hii, naiandika ili na yenyewe isomwe: nilikubali kwa siku tatu. Cheti kilikuja kwa basi. Nikakaa kibandani nikajaza fomu. Jina la kwanza, Devota. Mahali pa kuzaliwa, Ziba. Jina la baba, baba yako. Nilipofika penye sahihi, mkono ukaandika S. Nikaitazama ile S. Nikaichukua fomu nikaifanya patani, kipimo cha kukatia mfuko wa begi, na mfuko umekaa vizuri sana.

Tangu hapo mama ananipigia magoti. Anasema nikienda kuapa kwamba Skolastika ni mimi, utapoteza kazi, vyeti, pensheni, pengine ufungwe. Anasema, "Kile kilikuwa kitendo cha baba yako, Mungu amrehemu. Devota alikuwa mtoto." Ni kweli, ulikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, na hilo la sare na mtihani nakuachia, nalimwachia baba kaburini. Lakini ulipokwenda kupiga picha ya pasi ulikuwa na miaka arobaini. Hakuna aliyekusukuma. Ungeweza kunipigia. Ungeweza kusema, Skola, siwezi kwenda nawe kwa sababu tuna jina moja na halitoshi watu wawili. Ningelia, kisha tungetafuta njia. Wewe ukaona rahisi zaidi kuniacha nishone.

Mama anasema nitakuua. Namwuliza, na mimi nilikufa lini? Mbona hakuna aliyenililia?

Najua kuna kina mama huko wanaokungoja leo kwenye zamu yako. Najua mikono yako ni mizuri. Nimewafikiria, usidhani sikuwafikiria. Wakati mwingine, nikiwa napiga pasi kola, nasema basi, niache, nina kibanda, nina afya, mguu hauumi ila wakati wa baridi. Halafu natazama juu, naona Agosti, na nagundua kuwa siwezi tena kuitazama picha ile bila kukutafuta wewe ndani yake. Hata hiyo umenichukulia.

Begi lako nimelifumua. Turubai lake nimelitumia kuimarisha mgongo wa langu, na sponji zako zimeongeza mikanda yangu. Mfuko wa dawa nimeuhamisha. Begi langu sasa ni zito na imara, nalivaa kila asubuhi likiwa na vitambaa ndani na kutembea nalo mpaka Kipalapala kumsalimia mama. Watu wa Ipuli wamenipa jina la mpagazi. Naitika, ni jina ambalo angalau nimepewa mimi.

Jumapili, basi, itasomwa barua. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisi ya pasi, na cheti halisi mkononi na mama kama shahidi, maana ameshasema kama ni kwenda atakwenda, hawezi kuapa uongo na rozari shingoni. Kutoka huko ulipo lipo basi la Jumamosi, na lipo la Jumapili. Njoo useme mwenyewe kabla sijasema mimi. Anayejieleza mwenyewe wanaweza wakamsikiliza tofauti. Hilo ndilo la upendo nililobaki nalo, na ni dogo, usiliombe liwe kubwa.

Pale wanaita kwa sauti, mtu anasimama, anasogea dirishani. Wataita Skolastika. Ukija, tutasimama wawili. Na mmoja wetu atakaa.

Mdogo wako,
Skolastika