Mayai ya Kulinda Ini

Wifi yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, kuku wanataga, na cherehani yangu imepona kile kikohozi chake. Mdogo wako naye anakula vizuri mno. Daktari alimwambia ini limeanza kuharibika, aache pombe kabisa, ale maharage, mayai na mboga za majani. Ya chakula ameyashika kama sala. Ya pombe yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Sasa kila jioni anakwenda baa na bakuli langu la maharage na mayai ya kuchemsha. Anawaambia wenzake, "Lishe inatangulia kulinda ini, bia inafuata nyuma." Basi walevi wote wanadai mayai, na mwenye baa, kwa jinsi mayai yangu yanavyomuuzia bia, ananiamkia kama mkwewe!

Jana nilimwambia macho yake yamekuwa ya manjano. Akajitazama kwenye kioo, akacheka. "Si viini vya mayai hivyo, mke wangu?" Nami nikacheka, kisha nikaenda kulia jikoni.

Njoo, wifi. Mimi ameshanizoea; wewe ulimlea, na sauti yako bado anaiogopa. Zawadi usilete. Mayai tunayo.

Wifi yako,
mke wa mla mayai