Mwili Usiotosha

4 Machi

Mdogo wangu,
U mzima? Huku hatujambo; mama kapona mafua, ulimi wake ndio haujapumzika. Nina habari: naolewa mwezi wa sita. Baba hayupo, kwa hiyo wa kunishika mkono siku hiyo ni wewe. Visingizio sitaki.
Dada yako

22 Machi

Dada,
Shikamoo. Hongera mno! Mimi mzima, kazi ya ghalani inaendelea. Ila nipe muda nijaze mwili kwanza. Nitasimamaje mbele za watu na vijiti hivi? Jimu naenda asubuhi na jioni, wapi! Kazini navaa fulana juu ya fulana, joto linaniua, angalau mabega yaonekane. Jamaa wa jimu kanitafutia sindano. Humu nimekuwekea picha yangu ujionee; usimwonyeshe mtu.
Mdogo wako

3 Aprili

Mdogo wangu,
Hujambo? Picha nimemwonyesha shemeji yako, nisamehe. Kasema, "Huyu ndiye kijiti? Mlangoni si atapita kwa ubavu!" Tukacheka. Halafu nikaisoma tena barua yako, kicheko kikanikauka. Wewe kwenye kioo unaona nini? Na sindano za nini? Acha, tafadhali.
Dada yako

29 Mei

Dada,
Shikamoo. Sitakuja. Nilikwenda kujaribu suti. Koti likakataa kufunga kifuani, muuzaji akasema, "Bosi, saizi yako hatuna, wewe ni mkubwa mno." Nilijua ananidhihaki. Nikajifungia kwenye kichumba cha kujaribia, nikalia mpaka wakagonga. Mama usimwambie.
Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,
Uko salama? Nimeolewa. Nilitembea peke yangu. Nafasi yako sikumpa mtu. Mama nimemwambia umenyimwa ruhusa kazini. Simu yako haipatikani. Niandikie, hata neno moja.
Dada yako

11 Agosti

Dada,
Shikamoo. Nakuandikia nikiwa hospitalini. Nilianguka ghalani nimebeba boksi jepesi tu. Zile sindano za kukuza misuli zimeumiza ini. Wanasema nikiziacha litapona.

Kuna mama mmoja hapa, mshauri. Alitandika karatasi kubwa sakafuni, akaniambia nichore mwili wangu. Nikachora. Kisha akanilaza juu yake, akanizungushia kalamu. Nilipoinuka, mtu niliyemchora alikuwa ndani ya yule mwingine, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Mimi bado namwamini yule mdogo niliyemchora, dada. Hicho ndicho kinachonitisha.

Njoo. Wagonjwa huonwa jioni. Wakikuambia nimelala, ujue nimewaagiza mimi. Ingia tu.
Mdogo wako