Maji Niliyoyaoga Kabla Yenu

Lubumbashi, tarehe 15 Septemba 1974
Mwaka wa tisa tangu nipande lori kuondoka nyumbani

Yaya wangu Ngosa, dada yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Sikuulizi umelalaje, maana najua unapolala: chini kwenye mkeka, pamoja na wadogo zetu, katika nyumba ambayo mama hayumo tena. Nauliza tu kama chakula kinashuka kooni, kama miguu yako haijavimba tena kama mwaka ule wa msiba wa baba, na kama kuna mtu anayewaletea kuni. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mke wangu analia kila akiwasha moto. Watoto wanamwuliza bibi ni nani, maana hawajamwona hata siku moja.

Yaya, najua habari iliyokufikia. Umeambiwa hivi: mdogo wako Mulenga alikuja na Wazungu, akaoga, akanyoa ndevu, akavaa shati safi, kisha akarudi mjini bila kukanyaga uani kwenu. Kila neno ni kweli. Ndiyo sababu nimekaa chini na kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne, nikueleze jinsi ilivyotokea. Ukishamaliza kusoma, uamue utakavyoamua.

Mwezi wa saba dereva mmoja wa lori la samaki kutoka Kilwa ya kwetu ziwani alinikuta hapa Katuba sokoni, akaniambia mama anakohoa na hatoki nje. Nilikwenda kwenye kampuni kuomba konji, likizo yangu ya mwaka, siku ileile. Wakanijibu kwamba konji yangu ni ya mwezi wa kumi, ningoje kama wengine. Nikarudi kwenye kazi yangu ya kuchota makapi ya moto chini ya tanuru la shaba. Wewe hujaiona kazi hiyo, na afadhali usiione.

Baadaye yule Mzungu injinia wa tanuru letu akatafuta watu wawili wa kumbebea mizigo. Yeye na mke wake na rafiki zao wawili walitaka kutembea kwa miguu juu ya Kundelungu, waanzie upande wa Lufira, wavuke uwanda wote, washuke upande wa pili. Kila jioni walale penye kidimbwi cha mto, waogelee. Akatandaza karatasi ya ramani, akaweka kidole mahali pa mwisho, ambapo gari lingewangoja. Nikauliza jina la ule mto. Alipolitaja, Yaya, niliinama nikakitazama kile kidole. Ni mto wetu! Ni pale pale chini ya mawe mnapoloweka mihogo. Nikasema, "Patron, mimi nitabeba hata viti." Na kweli, alinibebesha viti.

Sikuwaambia kitu. Nilifunga kwenye mzigo wangu kikwembe kipya cha mama cha kujifunga, sukari, na sabuni yenye harufu. Nilifikiri hivi: tukifika pale, nitaomba ruhusa ya kulala nyumbani, asubuhi nitarudi kwenye gari lao. Usiku mmoja tu na mama ungenitosha.

Ulishaona watu wazima wakitembea kutwa nzima bila kuwa na mahali wanapokwenda? Jua linachoma, nyasi zimeungua, masizi yanapaka miguu, nao wanacheka. Mwenzangu mbebaji, Ilunga, alimwuliza mwongozaji aliyekodiwa kutuonyesha njia:

"Mwape, hawa bazungu banakimbia nini?"

"Banakimbia bafu yabo," Mwape akasema. "Ku nyumba mayi ya moto inakuja yenyewe mu ukuta. Sasa banatembea mbali hivi juu ya kutafuta mayi ya baridi."

Huyo Mwape ni mtu wa huko juu, zamani alikuwa mwindaji. Mdomo wake hauna mlango. Nilipokawia kwenye mlima alinigeukia mbele ya wote: "Weye muntu ya kamp ya kampuni, magulu yako ilizoea kupanda bisi tu. Utapiga honi mara ngapi?" Tulicheka mpaka madamu, mke wa injinia, akataka atafsiriwe.

Lakini penye maji Mwape hakuwa na mchezo. Kila tulipofika kwenye kidimbwi alitusimamisha wote, akachuchumaa, akapiga makofi polepole, akatupa unga kidogo juu ya maji, akawasalimu wenyewe wa mahali, mizimu ya maji. Hakuna aliyegusa maji kabla yake. Injinia alikuwa akitabasamu na kutazama saa, ila madamu alichuchumaa na kupiga makofi pamoja naye, vizuri kama mkwe wa kwetu.

Kidimbwi cha kwanza maji yake yalikuwa mekundu kama chai, chini ya mizizi ya miti. Kingine kilikuwa chini ya maporomoko, baridi yake inauma meno. Niliingia kote, Yaya. Sitakuficha. Jasho la tanuru limekaa ndani ya ngozi yangu miaka mingi, na mle majini nililisikia likitoka. Nilielea chali, nikatazama mbingu, nikasema moyoni: mama, naja. Sikujua kwamba mmekwisha kumfukia.

Siku tuliyofika kwenye mto wetu niliwatangulia wote kwenye mteremko, mwongozaji akiwa nyuma, viti vikigonga mgongoni. Niliona moshi wa kijiji. Mwape akatufikia, nikamnong'oneza kwamba pale ni kwetu, naye akatusimamisha. Akasema hapa si porini tena, maji haya yana watu, kwa hiyo yeye atakwenda kwanza kijijini kumsalimu chifu na kuomba njia. "Minarudi sasa hivi. Hapana muntu kugusa mayi."

Kama ningemsikiliza. Yeye angerudi na habari, mimi ningeipokea nikiwa mchafu na ndevu zangu za safari, ningevuka mto, ningelala na ninyi kwenye mkeka ule. Lakini wale Wazungu walikuwa wamechomwa na jua, wakajitupa majini mara Mwape alipopotea nyuma ya miti. Na mimi nilisema: hawa wageni ndio wenye kungoja. Mimi nimezaliwa hapa, mama alinifundisha kuogelea kwenye mawe haya. Nani anapiga hodi nyumbani kwake? Nikatoa ile sabuni. Nikajisugua kichwa, mgongo, nyayo, mpaka maji yakageuka povu. Nikaazima kioo cha Ilunga, nikanyoa ndevu zote. Mama hakupenda ndevu. Nikavaa shati nililolitunza tangu Lubumbashi.

Ndipo nikamwona mjomba Kabaso anashuka upande wa pili, mbele ya Mwape, anakimbia na utu uzima wake wote. Mwape alikuwa amemwambia, "Mutoto wenu Mulenga iko ku muto." Mjomba alikuwa amenyoosha mikono. Alifika kwenye ukingo, akaniona nywele zinatiririka, kidevu kinang'aa, akashusha mikono. Mimi nikaona majivu kwenye uso wake na ule utepe wa gome wa kufiwa kwenye paji.

"Mulenga," akasema, "nani alikuogesha?"

"Minajiogesha mwenyewe, mjomba. Minataka mama anione muzuri."

Akakaa chini, kwenye matope. "Mama hapana kuona tena," akasema. "Tulimuzika juzi."

Sijui nilifanya nini. Ilunga anasema nilianza kuingia majini na viatu, na mjomba akapiga kelele kama mtu anayefukuza fisi.

"Hapana kuvuka! Baki kule!"

"Mjomba, ni mama yangu!"

"Minajua ni mama yako. Ni dada yangu pia. Batoto benzako bako na buchafu yabo, hakuna mwenye kugusa mayi, banangoja tubapeleke ku muto siku moja, tumbo moja. Weye ulisha kuoga peke yako, ulinyoa. Ulimaliza kilio yako mbele ya kuianza. Ukiingia mu kiwanja hivi, unabavunjia bote kilio. Roho ya mama itabaki inje."

"Sikujua!"

"Mayi hapana kuuliza kama unajua," akasema. Na alikuwa analia, Yaya. Usidhani alisema kwa ukali. Alikuwa analia na kamasi.

Tulikaa hivyo, yeye ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii. Mto ule unaujua, mtoto wa miaka mitano anauvuka kiangazi. Nilisikia sauti za kilio zinatoka kijijini, na katikati yao nikaisikia yako. Ulikuwa unamwita mama kwa jina lake la utoto. Nilikusikia vizuri sana. Madamu alikuja akaweka mkono begani kwangu.

Mwisho mjomba akaniambia dawa iko moja tu. Nirudie uchafu. Ndevu ziote, vumbi linishike, nisiguse maji ya kuoga hata kidogo. Nikiwa kama ninyi, nije nisimame pale pale, naye mwenyewe atanivusha na kuniketisha kwenye mkeka, ndipo sote tupelekwe mtoni pamoja. Nikamwuliza watanisubiri mpaka lini. Akasema, "Ile ni neno ya mutoto wa kwanza. Yaya yako ndio mwenye kusema siku."

Nilikwenda kwa injinia. Nilimwomba aniache nikae pale kando ya mto mpaka ndevu ziote. Alinisikiliza, akavua kofia. Sitaki useme ni mtu mbaya. Lakini alisema yeye si mwenye kampuni. Gari likirudi bila mimi nitahesabiwa nimetoroka kazi, na nyumba ya kamp watapewa wengine siku ileile. Nikamfikiria mke wangu na watoto barabarani na vyungu. Yaya, nilipanda gari. Kikwembe na sukari niliviacha juu ya jiwe. Tulipopanda mteremko niligeuka, nikaona mjomba bado hajavichukua.

Sasa sikiliza ninavyoishi. Tangu siku ile sijaoga. Tukitoka kwenye tanuru lazima tupite kwenye mabomba ya maji, ndiyo sheria, na mimi nasimama pembeni na weusi wangu wote. Mwanzoni wenzangu walinitania: "Mulenga, unaogopa mayi kama paka!" "Muke yake alimufukuza ku kitanda, anataka kufanana na makaa!" Kapita wetu, msimamizi wa zamu, ambaye ni mtu wa Kasongo na anaswali, alitaka kuniandikia adhabu. Nikamwambia ukweli. Akafunga daftari lake, akasema, "Kwetu tungekuosha haraka. Lakini mama ni mama." Tangu hapo zamu ikiisha ananituma kurudisha majembe ghalani, wenzangu waoge bila mimi. Kwenye bisi watu wanainuka ninapokaa. Ninalala sakafuni. Mke wangu hanitanii, ananiletea chakula na kugeuza uso, kwa harufu na kwa huruma. Jana kulikuwa na Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, tulifagia barabara nzima, vumbi lilinijaa masikioni, na nilifurahi. Unaona mtu anavyoweza kufurahia vumbi.

Ndevu zimeota. Zina mvi, sikujua.

Basi Yaya, ombi langu ni hili, na halina jingine nyuma yake. Usiwapeleke mtoni bila mimi. Najua ninachokuomba. Najua mwili unawasha, najua wadogo zetu wamechoka, najua mume wako anakungoja nyumbani kwake na majirani wanasema msiba huu umekuwa mrefu. Waambie mmoja bado yuko njiani. Mama alitubeba tumbo moja, sitaki nimalize kumlilia kwenye bomba la kampuni.

Nisalimie mjomba Kabaso, umwambie simwekei neno moyoni. Nisalimie mama mdogo, aliyemfumba mama macho, na shemeji yangu mvuvi, mume wako, namwomba uvumilivu. Wasalimie wadogo zetu wote wawili, na mke wa chifu aliyewapikia. Kwa mama siwezi kukutuma salamu, lakini ukipita kaburini mwambie nilifika mpaka mtoni.

Konji yangu imekubaliwa, wameshaniwekea muhuri. Nitaondoka hapa katikati ya mwezi wa kumi kwa lori la Kilwa, kabla mvua haijaharibu njia, na siku ya tatu au ya nne nitakuwa nimesimama ng'ambo ya mto. Kama itatokea mmeshindwa kungoja na mmekwisha kuoga, usinitumie habari huku, Yaya. Niache nije hivi nilivyo. Siku hiyo ushuke wewe peke yako, univushe, unioshe.

Ni mimi mdogo wako,
Mulenga