Shada la Nyanjige

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata maua asubuhi, umande ulipokauka tu. Ukisubiri yachanue yote, yakikauka yanapukutika. Nimeyafunga kwa uzi wa nyavu, nikayaning'iniza vichwa chini stoo, juu ya viroba vya dagaa. Pana giza na upepo wa ziwa. Dagaa wanakauka vizuri humo, maua yatashindwaje? Shada la harusi ya Nyanjige nitalifunga mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni
Nyanjige karudi toka Butiama, kwa wakwe watarajiwa. Mkononi kishada cha maua makavu. Kumbe mama mkwe naye anakausha!
"Mama anayakaushiaga darini. Ana mpaka ya rangi ya zambarau. Kasema atanifungia shada."
Mama. Mimi niliyemlea tangu dada yangu afariki, mtoto hajaota hata jino, ni mama mdogo mpaka leo.
Kishada ni kizuri. Ndiyo maana nakichukia. Sikula usiku.

Alhamisi, 13 Juni
Ni wivu. Nauandika hapa kwa kuwa kanisani siwezi kuutaja. Nimegusa mafungu yangu, vikonyo vimekaza, mekundu bado mekundu. Ya huyo mama mkwe, Mama Wambura, na yapauke. Mungu nisamehe, ila kwanza yapauke.

Jumamosi, 22 Juni
Nimemaliza kulifunga shada. Nikampelekea jirani yangu, Mama Bwire, alione. Akalisogeza puani, akacheka mpaka akakaa chini.
"Jirani, hili si la kushika. Hili ni la kuunga na nyanya!"
Mimi sisikii harufu yoyote. Miaka yote hii na dagaa, pua imeshazoea. Lakini paka wake alinifuata mpaka mlangoni kwangu.

Jumatatu, 24 Juni
Nimelianika nje kutwa. Limepauka upande mmoja. Harufu iko palepale, anasema Mama Bwire. Nimelia kwa hasira.

Jumamosi, 29 Juni
Butiama, siku ya harusi. Asubuhi nilimpa Nyanjige boksi lenye shada langu. Alifungua, akanusa, akafunga. Kanisani alishika shada la Mama Wambura. Picha zote ni hilo. Halikudondosha hata ua moja, nililikodolea macho misa nzima. Vigelegele nilipiga.

Jumapili, 14 Julai
Nyanjige kapiga simu, ananong'ona. Wanakaa kwa wakwe mpaka nyumba yao iezekwe. Shada langu kalitundika chumbani, nyuma ya pazia. Mama Wambura kafagia nyumba nzima, kahamisha mpaka kabati, anatafuta dagaa walikomwagikia.
"Sijamwambia, mama. Nikikumbukaga nyumbani naenda kulinusa."
Nikamwambia asimwambie. Acha atafute.
Jioni nimemwagilia miche. Ile ya maua ya zambarau imeanza kuota.