Makala ya Katindo

Jumatatu, 10 Novemba
Nyumba saba leo, mtaa wa Katindo, hapa Goma. Asubuhi napima makala, makaa ya kupikia, jioni narudi kupima yaliyobaki. Mizani inanikata bega. Papa Muhindo, shefu wetu kwenye biro, ofisi ya utafiti, anataka kujua mji mzima unatumia nishati kiasi gani kwa kila kitu unachotengeneza: mkate, unga, matofali. Kwenye karatasi ni rahisi. Huku mfuko mmoja haulingani na mwingine. Makala ya mti mgumu yanadumu, ya mti laini yanaisha upesi. Umeme ukikatika watu wanarudi kwenye makala, halafu mimi naandika kwamba wamepunguza umeme. Uongo mtupu.

Jumanne, 11 Novemba
Kwa mama Kahindo, mwoka mikate. Tanuri lake ni la makala. Mashine ya kukanda inatumia umeme, na umeme ukikosekana, jenereta ya mazutu, yaani dizeli.
"Mazutu? Sina."
Harufu imejaa mpaka mlangoni. Nikangoja karibu saa nzima. Mwishowe akanipeleka nyuma, akafunua turubai. Mapipa mawili.
"Nakuonyesha sababu uko mutoto wa Butembo kama miye. Usiniuze."
Nimeandika kwenye daftari jina lake, barabara yake, mapipa mawili. Fomu inataka hivyo.

Alhamisi, 13 Novemba
Watu wawili wenye silaha wamekuja bironi. Wamesikia tunazunguka kuhesabu mazutu. Magari yao yanayahitaji. Papa Muhindo akasema ni utafiti tu. Wakasema watataka kuona daftari.
Daftari liko kwangu. Majina ya watu arobaini.
Nilimwomba papa Muhindo tufute majina. Amekataa. Bila majina hakuna atakayeweza kurudi kuhakikisha, na kipimo kisichohakikishwa ni bure. Anasema kweli.

Ijumaa, 14 Novemba
Naogopa.
Asubuhi nimenakili kilo na lita zote kwenye daftari jipya. Hakuna jina, hakuna barabara. La zamani nimelichoma jikoni, ukurasa mmoja mmoja. Papa Muhindo hajui.

Jumamosi, 15 Novemba
Wale wenye silaha wameniita. Nyumba karibu na kambi yao. Kiti kimoja tu, cha mkubwa wao. Nilisimama.
Akapitisha kidole kwenye daftari.
"Majina iko wapi?"
"Hakuna, muzee. Tunapima kilo tu."
"Huyu wa mazutu mingi ni nani?"
Kidole kilikuwa juu ya mstari wa mama Kahindo.
"Sijui. Napima, naenda."
Akauliza jina langu na naishi wapi. Nikamwambia ukweli, uongo mwingine haukunijia. Akaandika. Sasa jina langu ndilo liko kwenye daftari la mtu.
Waliniachia saa tisa. Sikumbuki njia niliyopita.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimemwambia papa Muhindo kuwa nilichoma daftari. Hakunifokea. Akasema vipimo vya Katindo vyote vinaondolewa, maana havihakikishiki tena. Mikate ya Katindo itabaki kwenye hesabu, maana inajulikana kutokana na unga ulioingia mjini. Moto ulioioka hautakuwamo. Itaonekana Goma imejifunza kuoka kwa nishati kidogo. Watu watapongezana.
Nimesikia mama Kahindo ameshahamisha mapipa. Hakuna aliyemfikia. Nilipita upande wa pili wa barabara, sikumsalimu, wasije wakanifuata mpaka kwake.
Kila pikipiki ikipunguza mwendo, nageuka kutazama.

Jumatano, 19 Novemba
Niko kwa dada yangu, mtaa wa Ndosho. Nimekuja na begi moja. Papa Muhindo anauliza kama nitaendelea na kazi.
Nimefua. Nikiwa naanika, gari likasimama nje. Nikashika kamba, nikasikiliza. Milango ikafunguka. Watu wakaanza kuitana.
Lilikuwa gari la maji. Dada akatoka na mabidoni ya kuchotea, nikachukua mawili, tukaenda kupanga foleni.