Maelezo ya Bibi Redio Kuhusu Kipigo cha Duka la Bia na Mvinyo

JINA: Bibi Redio, ndivyo anavyojulikana na wote
UMRI: Sabini na ushee, hana uhakika
KAZI: Kufuma vitambaa vya meza
MAKAZI: Nyumba ya nyuma ya duka la bia na mvinyo

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, mchana wa saa nane hivi, nilikwenda dukani kununua mvinyo. Usinitazame hivyo afande, mimi sinywi. Wakwe wa mjukuu wangu walikuwa wanakuja jioni, na yule mkwe mwanamume chai haimshuki. Duka lenyewe tumepakana ukuta, na limejaa kuliko maduka ya mjini: bia za kila rangi kwenye friji, mvinyo umelazwa ubavu rafu hadi rafu kama wagonjwa wodini. Muuzaji ni binti tunayemwita Kimya, maana maneno kwake ni ya kuokota. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nipe usiokwaruza koo." Akauliza, "Mtamu au mkavu, bibi?" Nikamwambia, huo mkavu unamiminikaje? Akacheka mpaka akashika kaunta. Huyo ndiye mliyemweka mahabusu.

Sasa, pale dukani kuna utaratibu. Mtu akiharibiwa na pombe, watu wa nyumbani kwake wanakwenda kumwambia Kimya, "Fulani asiuziwe." Naye hauzi, hata uje na mfuko wa dhahabu. Mwanangu wa mwisho, yule fundi wa kuchomelea mageti, nilimkatazia mimi mwenyewe, alipomvunja mkewe taya. Mkewe aliwaambia ninyi kaanguka bafuni. Hakuanguka.

Nilikuwa nyuma ya rafu nachagua, mwanangu akaingia. Hakuniona. Akataka bia.

Kimya akasema, "Kaka, wewe hapa huuziwi."

"Nani kasema?"

"Nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu nani? Mtaje."

Hakunitaja, afande. Angesema tu, "Mama yako, yule pale," ingekwisha hiyo balaa. Hakusema. Mwanangu akamkamata nywele, akamvuta juu ya kaunta, akamgonga uso pale mbaoni. Akamgonga tena. Meno niliyaona sakafuni, madogo, kama ya mtoto.

Nikatoka. Nikasema, "Ni mimi niliyekukatazia. Mwache binti wa watu." Akamwachia. Akachukua chupa ya bia, akaivunja kwenye ukingo wa kaunta. Nikanyoosha mkono. Chupa ikanikata. Hapo Kimya, damu inamtoka mdomoni, akavuta chupa nzima ya mvinyo rafuni akamtandika kisogoni. Mara moja tu. Akaanguka. Mvinyo na damu vikatambaa pamoja, sikujua kipi ni kipi.

Daktari anasema mwanangu ataishi. Nimeshukuru, mimi ni mama. Lakini nasikia huko kitandani anasema alivamiwa, yeye kaja kununua kama mteja yeyote.

Leo asubuhi mkewe kaja kwangu. "Mama, sema Kimya ndiye aliyeanza. Baba watoto akifungwa tutakula nini?" Nikamwuliza, "Kula utakula kwa taya lipi, mwanangu?" Akalia. Nikamfuta machozi, lakini nikaja.

Nimemaliza. Niliyosema ni niliyoyaona kwa macho yangu haya, na hakuna aliyenifundisha.

Dole gumba la shahidi (kushoto)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye ameyakubali. Ametia dole gumba la kushoto kwa kuwa kiganja cha kulia kimeshonwa. Kwa vile alisema "chupa ikanikata", nilimwuliza wakati huo chupa ilikuwa mkononi mwa nani. Aligeuza kiganja kilichoshonwa, akakitazama. Nilimweleza kuwa jibu lake ndilo litakaloamua kama Kimya atabaki mahabusu. Akasema niandike kama anavyosema: "Ilikuwa mkononi mwa mwanangu, na alikuwa ananitazama usoni."